Kijana Mbaya, Machoni pa Nani?

Mwaka 1970 mtafiti wa Kimarekani aitwaye Dorothea Braginsky alichapisha jaribio alilowafanyia watoto wa miaka 10. Mtoto alionjeshwa biskuti iliyochovywa kwenye kwinini, na aliyewahi kumung'unya dawa hiyo ya malaria anajua uchungu wake unavyogandia ulimini. Kisha akaambiwa kwamba kila biskuti atakayofaulu kumshawishi mwenzake aile, yeye atalipwa senti tano. Kabla ya hapo watoto walikuwa wamejibu dodoso lililouliza kama wanaona ni sawa kudanganya, kumsifia mtu ili upate unachotaka, na kutomwamini yeyote. Waliopata alama za juu za ujanja ndio waliowalisha wenzao biskuti nyingi zaidi.

Dodoso hilo lilikuwa toleo la watoto la kipimo cha Richard Christie na Florence Geis, ambao walichota mawazo kwa Niccolò Machiavelli, mwandishi wa Florence wa karne ya 16, wakayageuza kuwa kauli za kukubali au kukataa. Kipimo chao cha watu wazima kilikuwa na kauli 20. Nalipenda jaribio la biskuti kwa sababu karatasi ilisimamishwa mbele ya tendo. Katika sehemu kubwa ya historia hii, ya watu wazima wanaojaribu kupima ubaya wa moyo wa vijana, kwanza kwao na baadaye duniani kote, karatasi ilibaki karatasi.

Historia yenyewe haikuanzia kwenye dodoso wala darasani. Ilianzia pale ambapo mtu mzima anashika funguo. Mwaka 1801 Philippe Pinel, daktari wa Paris, aliandika juu ya wagonjwa ambao akili zao zilikuwa timamu kabisa ila matendo yao hayakuwa na breki. Mwaka 1835 Mwingereza James Cowles Prichard aliwapa watu wa namna hiyo jina la wazimu wa maadili. Cesare Lombroso wa Turin, ambaye kitabu chake juu ya mhalifu kilitoka mwaka 1876, alipima mafuvu, masikio na taya za wafungwa, akashikilia kwamba kila mtoto mdogo anazaliwa na mbegu ya uhalifu na malezi ndiyo huizima. Katika mawazo ya Lombroso, mtoto, mhalifu na yule aliyeitwa mshenzi walikaa benchi moja: wote walikuwa binadamu ambao hawajakamilika. Benchi hilo likumbukwe, maana litakuja kukaliwa Nairobi.

Mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani ilifunguliwa Chicago mwaka 1899, na miaka kumi baadaye daktari William Healy akaanzisha mjini humo kliniki ya kuwachunguza watoto waliofikishwa mbele ya hakimu. Healy aliwaangalia mmoja mmoja, akiuliza nyumba, shule, marafiki na afya. Huko Austria, August Aichhorn alifanya jambo ambalo mkuu wa shule ya maadilisho wa leo angefukuzwa kazi akilijaribu. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia aliwakusanya wavulana wakali kuliko wote katika kituo chake, akawaacha wavunje samani na madirisha bila kuwaadhibu, hadi ghadhabu ikawaishia na wakaanza kulia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1925. Mwaka 1944 John Bowlby wa London aliandika juu ya vijana wezi 44 waliopita kwenye kliniki yake. Kati yao 14 aliwaona hawana upendo kwa mtu yeyote, na 12 wa hao 14 walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Takwimu za Bowlby zilikuwa dhaifu, lakini swali lake lilikuwa la haki: huyu mtoto alipatwa na nini?

Wakati huohuo swali jingine lilikuwa likikua, la kumtambua mtu ambaye huwezi kumtambua. Hervey Cleckley, daktari wa Augusta katika jimbo la Georgia, alitoa mwaka 1941 kitabu juu ya watu wanaovutia, wenye maneno matamu, wasiojua majuto. Aliwaita saikopathi. Lee Robins naye aliwatafuta watu 524 waliokuwa wametibiwa utotoni katika kliniki moja ya St. Louis, akawakuta wakiwa watu wazima miaka 30 baadaye. Kitabu chake cha 1966 kilionyesha mambo mawili ambayo kati yake kila mwandishi huchagua moja. La kwanza ni kwamba karibu kila mtu mzima mwenye tabia sugu ya kuwadhuru wengine alianza akiwa mtoto. La pili ni kwamba watoto wengi walioanza hivyo hawakuishia huko.

Sasa turudi kwenye lile benchi.

J. C. Carothers alizaliwa Afrika Kusini, akafika Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali, na mwaka 1938 akakabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Alichokiona kwa watu waliofungiwa humo alikivika bara zima. Katika makala ya mwaka 1951 alidai kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba kwa namna fulani anafanana pia na saikopathi, kwa kuwa hawezi kuliona tendo lake kama sehemu ya jambo zima. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatoa kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulisomwa kama dalili za ugonjwa. Mwaka 1955 kambi ya Wamumu ilifunguliwa katika uwanda wa Mwea kwa ajili ya wavulana waliokamatwa katika vita hiyo, ili wafanywe raia wema kwa gwaride, ufundi na nidhamu.

Carothers hakuwa na dodoso, na wengine husema ndiyo maana alipotea. Mimi naona alipotea mapema zaidi, pale alipochukua maelezo yaliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliye mbele ya daktari akayageuza kuwa maelezo ya watu wa mahali. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Blida nchini Algeria, alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961. Alionyesha kwamba Carothers na madaktari wa Kifaransa wa Algiers walikuwa wakiimba wimbo mmoja, na kwamba ukatili waliouita wa kimaumbile ulitoka katika hali ya kutawaliwa. Baada ya Fanon ni wachache wenye kujiheshimu walioandika tena hivyo. Tabia ya kupanga mataifa kwa ubaya wa moyo, hata hivyo, haikufa. Ilisubiri kompyuta.

Kwanza zilikuja orodha. Robert Hare wa Vancouver, Kanada, alitaka watafiti wa magereza wawe na maana moja wanaposema saikopathi. Orodha aliyoianza mwaka 1980 na kuikamilisha mwaka 1991 ina vipengele 20, kila kimoja hupewa alama 0, 1 au 2, na Marekani ya Kaskazini ilizoea kuchora mstari kwenye 30 kati ya 40. Ni chombo kizuri mikononi mwa mtu makini. Lakini kilitengenezwa kwa wanaume wafungwa, na kilipopunguzwa kiwatoshe vijana wa miaka 12 hadi 18, katika toleo lililochapishwa mwaka 2003, mshono ulionekana. Orodha ya watu wazima ilikuwa na kipengele cha ndoa nyingi za muda mfupi. Kijana wa miaka 13 ana ndoa ngapi? Kikabadilishwa kuwa mahusiano yasiyodumu, jambo ambalo katika umri huo ni karibu sawa na kusema yuko hai.

Paul Frick aliyashughulikia hayo kwa njia nyingine. Aliachana na uhalifu akafuata ubaridi wa moyo: mtoto asiyejali wengine wakiumia, asiyejutia, asiyeonyesha hisia. Dodoso lake la mwaka 2004 lenye kauli 24 limetafsiriwa katika lugha nyingi, na mawazo yake yaliingia mwaka 2013 katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, kisha katika ule wa Shirika la Afya Duniani. Huko Örebro, Uswidi, Henrik Andershed na wenzake walitumia akili zaidi. Walitambua kwamba kijana mlaghai hawezi kukiri ulaghai kwenye karatasi, kwa hiyo katika dodoso lao la mwaka 2002 lenye kauli 50 waliziandika sifa hizo kwa namna ambayo mwenye nazo angezionea fahari. Hakuna anayeulizwa kama ni mwongo. Anaulizwa kama ana kipaji cha kuwafanya watu waamini lolote.

Huko Marekani orodha na madodoso haya yalikuta nchi yenye hofu. Mwaka 1995 John DiIulio, mwanazuoni wa siasa wa Princeton, alitabiri wimbi la vijana wawindaji wa kutisha kuliko wote waliotangulia. Magazeti yakabeba, majimbo yakabana sheria, watoto wakapelekwa mahakama za watu wazima, na weusi ndio walioumia zaidi. Wimbi halikuja, uhalifu wa vijana ulishuka. Mwaka 2012 DiIulio mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasomi walioiandikia Mahakama Kuu ya Marekani kuunga mkono upande wa watoto waliofungwa maisha.

Ndani ya taaluma onyo lilitolewa mapema. Daniel Seagrave na Thomas Grisso waliandika mwaka 2002 kwamba kukurupuka, kujiona wa pekee na kutowaza kesho ni mambo ya balehe yenyewe. Anayeyapima kwa kijana wa miaka 14 huenda anapima miaka 14. Mwaka 2005, katika kesi ya Roper dhidi ya Simmons, Mahakama Kuu ilipiga marufuku adhabu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa kabla ya miaka 18, na Jaji Anthony Kennedy akakumbusha kwamba kanuni za madaktari wa akili haziruhusu mtu wa chini ya umri huo apewe utambuzi wa haiba ya kidhalimu. Kama mtaalamu haruhusiwi kusema hivyo kliniki, baraza la wazee wa mahakama litasemaje? Donald Lynam na wenzake walipowafuatilia wavulana wa Pittsburgh kuanzia miaka 13 hadi 24, waliona uhusiano wa kweli kati ya alama za mwanzo na za mwisho, ila wa wastani tu. Na katika kituo cha Mendota, jimbo la Wisconsin, vijana wenye alama za juu kabisa waliotibiwa kwa bidii walifanya ukatili mchache kuliko wenzao waliobaki katika taasisi za kawaida. Waliokuwa wakisema hawatibiki walinyamaza kidogo.

Kisha ukaja utatu. Delroy Paulhus na Kevin Williams wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwachunguza wanafunzi 245, na mwaka 2002 wakaziweka pamoja sifa tatu zilizokuwa zikisomwa mbalimbali: hila za Kimakiaveli, unasisi wa mtu anayejiabudu, na saikopathi ya kiwango cha mtaani, isiyo ya jela. Jina la utatu wa giza lilivuma kama jina la filamu. Mwaka 2010 Peter Jonason na Gregory Webster walilipunguza dodoso zima hadi kauli 12. Kauli 12 hujazwa kwenye simu kabla daladala haijatoka kituoni, na kwa urahisi huo utatu ukaenea kwa wanafunzi wa vyuo, kwa vijana wa sekondari wa Uholanzi na kwingineko, hadi kufikia ulinganisho wa nchi 49. Wengine wakaongeza sifa ya nne, ya kufurahia maumivu ya wengine. Kuna jaribio la 2013 la watu waliopewa mashine ya kusagia kahawa na wadudu wenye majina, wakadhani wanawasaga; wadudu walitoka salama.

Kwamba mtu wa namna hii yuko kila mahali, hilo sina shaka nalo. Mwaka 1976 mwanaanthropolojia Jane Murphy alieleza kwamba Wayupik wa kaskazini magharibi mwa Alaska walimtambua vizuri mwanaume anayejua kilicho sahihi na hakifanyi: haendi kuwinda, anaiba, na wenzake wakiwa mbali anawaendea wake zao. Hawakumhesabu kichaa, wala mganga hakuitwa. Murphy alipouliza angefanywa nini zamani, aliambiwa kwamba mtu angemsukuma kutoka juu ya barafu wakati hakuna anayetazama. Wayoruba wa Nigeria nao walimjua wa kwao.

Tatizo linaanza unapomhesabu. Alama 30 za Hare zilipopelekwa kwenye magereza ya Scotland, David Cooke na Christine Michie waligundua mwaka 1999 kwamba mfungwa wa huko mwenye alama 25 alikuwa na kiwango sawa na mfungwa wa Marekani ya Kaskazini mwenye 30. Mahali pawili penye lugha moja, na bado mizani imewekewa jiwe chini ya sahani. Wataalamu wana vipimo vya kutafuta jiwe hilo: kwanza wanaangalia kama kauli zinajikusanya katika makundi yaleyale kila mahali, kisha kama kila kauli ina uzito uleule, mwisho kama vijana wawili wenye sifa sawa hupata alama sawa. Sharti la tatu ndilo linalohitajika ili useme vijana wa nchi fulani wana giza zaidi, na ndilo linaloanguka mara nyingi.

Linaanguka kwa sababu za kawaida kabisa. Chuansheng Chen na wenzake walilinganisha mwaka 1995 wanafunzi wa sekondari wa Sendai, Taipei, Minneapolis na Alberta, wakaona wale wa Asia walipenda zaidi jibu la katikati huku wale wa Amerika wakienda pembeni, lolote liulizwalo. Kauli ya kwamba anayemwamini mtu kabisa anajitafutia balaa inahesabiwa ujanja. Mpe mtoto anayeuza mifuko Kariakoo, ambaye ameshaibiwa na kukimbizwa na mgambo, aikubali kwa moyo wote, na umempima uzoefu. Dodoso la Frick lina sehemu ya kuficha hisia. Kwa Wabukusu na Wamasai mvulana anayetahiriwa hatakiwi kupepesa jicho kisu kinapopita, na akilia ukoo mzima unaaibika. Ningependa kuiona sehemu hiyo ikijazwa wiki moja baada ya jando. Hata Ulaya na Marekani kwenyewe, sehemu hiyo ndiyo inayohusiana kidogo zaidi na matendo mabaya.

Na mara nyingi anayejaza si kijana bali mzazi au mwalimu wake. Mwaka 1993 John Weisz na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa miaka 11 hadi 15 wa Embu nchini Kenya, wa Thailand na wa Marekani, kwa maelezo ya wazazi. Wazazi wa Embu walitaja sana hofu, kujilaumu na zaidi ya yote maumivu ya mwili. Wazazi weupe wa Marekani walitaja sana ubishi, ukaidi na ukatili kwa wengine. Msomaji wa haraka angehitimisha kwamba watoto wa Embu ni wapole na Wamarekani ni wakorofi, na pengine angekuwa sahihi. Lakini Weisz hakuishia hapo. Mwaka 1995 alitoa utafiti ambamo walimu wa Thailand na wa Marekani waliwaelezea wanafunzi wao, na papo hapo watazamaji waliofunzwa wakakaa darasani kuhesabu. Walimu wa Thailand waliripoti usumbufu mwingi kuliko wenzao wa Marekani. Watazamaji waliona kinyume: watoto wa Marekani walisumbua karibu mara mbili zaidi. Yawezekana mwalimu aliyezoea darasa tulivu humwona mtundu hata mtoto anayegeuka nyuma. Kwa vyovyote, karatasi ya mwalimu ilikuwa na habari nyingi juu ya mwalimu.

Kwa hiyo ninapoona ramani ya dunia iliyopakwa rangi kwa unasisi wa kila taifa, namkumbuka Carothers, ingawa waliochora hawana nia yake na hesabu zao ni bora mara elfu. Kazi ninayoiamini ni ya aina nyingine. Tangu mwaka 2008 Jennifer Lansford na wenzake wamewafuatilia watoto wa nchi 9, wakiwemo Waluo wa Kisumu. Katika makala ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Kenneth Dodge, watoto 1,299 walisimuliwa visa vifupi ambamo mtu anawakosea bila nia yake kujulikana, wakaulizwa alikusudia nini na wao wangefanya nini. Katika kila kundi, mtoto aliyeona uadui ndiye aliyeelekea kujibu kwa ukali. Uhusiano huo ulisimama Kisumu kama ulivyosimama Uswidi. Hapo Mluo analinganishwa na Mluo mwenzake, na mtoto na yeye mwenyewe wa mwaka uliopita, na dunia nzima inajifunza kitu.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Orodha ya vijana inayotokana na kazi ya Hare haijazwi na kijana. Mtaalamu humhoji kwa muda mrefu, kisha husoma mafaili ya shule, ya polisi, ya hospitali na ya ustawi wa jamii, kwa sababu anayesifika kwa kudanganya hawezi kuwa shahidi pekee wa maisha yake. Chombo hicho kinachukulia kwamba nchi imekuwa ikimwandika mtoto huyo tangu azaliwe. Kwetu Tanzania mahakama ya watoto humtegemea afisa ustawi wa jamii, anayepaswa kwenda nyumbani kwa mtoto, kuongea na walezi, majirani na mwalimu, na kurudi na ripoti. Akifanya kazi yake vizuri, ripoti hiyo inakaribia alichokuwa akikifanya Healy kule Chicago. Kijana aliyekamatwa stendi ya mabasi, asiye na cheti cha kuzaliwa, shule wala ndugu anayepatikana kwa simu, hawezi kupewa alama yoyote, ya juu wala ya chini. Kilichopo ni maneno yake na maneno ya askari aliyemkamata.